Mstari Nilioutoa Kwenye Muhtasari

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa muhuri, daftari la mihtasari na ufunguo usiofungua. Mtendaji wa Kata, bosi wangu, akaniambia, "Watu wana maneno mengi, binti. Wewe chukua maamuzi tu." Nina kidato cha nne na mwandiko mzuri, nikawa karani wa kijiji chetu, mwendo wa bodaboda kutoka Moa.

Muhtasari, kwa msiojua, ndiyo sheria yenyewe. Kilichosemwa mkutanoni hupotea. Kilichoandikwa ndicho mgambo anachotembea nacho.

Mkutano mkuu uliamua kufunga mwamba miezi mitatu ili pweza wakue. Sikatai, uamuzi ulikuwa mzuri. Bi Mwanatumu, anayetunza mzimu wetu wa ufukweni, pale tunapotambikia, akasimama. "Fungeni. Lakini bamvua la kwanza, maji yakikauka mbali, sisi wanawake tushuke tuchukue pweza wa sadaka, kama mama zetu. Siku moja." Wanaume wakaitikia, "Haya, siku moja." Nikaandika.

Nilipopeleka kusainiwa, bosi akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Mzimu kwenye karatasi ya serikali? Nichekwe wilayani? Toa."

"Mkutano umekubali, mzee."

"Wataelewana wenyewe huko."

Nikaandika upya bila ule mstari.

Bamvua likaja. Mgambo wakawakuta wanawake mwambani, wakavunja vijiti vyao vya kuchokolea pweza, wakawaleta ofisini nguo zinachuruzika. "Mwanangu," Bi Mwanatumu akaniambia, "wasomee ulichoandika." Nikasoma. Siku yao haikuwemo. Wanaume walioitikia mkutanoni, nao wamejazana mlangoni, wakatazama sakafu. Bosi akasema karani ndiye aliyeandika.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilipojifungua, mume wangu yuko shambani Maramba, hakuna mwanamke aliyekuja kunikanda kwa maji ya moto. Nilijikanda mwenyewe. Arobaini nikapika wali wa watu thelathini. Hakuja mtu. Nikamtoa mtoto mwenyewe, nikamzungusha nyumba, nikamwonyesha jiko, kinu, mlango.

Kazi nikaiacha. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita, cheka ukitaka. Bosi kahamishwa, huko anaandikiwa na mwingine. Wewe unayeshika daftari sasa, andika mzimu, andika bamvua, andika jina la kila aliyeitikia.

Bi Mwanatumu hupita mlangoni kwangu. Namwamkia, anajibu "Marahaba," anapita. Juzi mwanangu, ndiyo kwanza anajifunza kusema, akaniwahi: "Shikamoo." Bibi akasimama, akamshika kichwa, akamuuliza jina lake.

Mimi hakuniangalia.