Sumbawanga Chini ya Dirisha

Mwezi wangu wa pili Sumbawanga niliwaambia wanafunzi wa kidato cha kwanza kwamba Wamisri waliacha kujenga piramidi kwa sababu saruji iliwaishia madukani Mazwi, katikati ya mji wetu. Nilisema bila hata kutabasamu, nikangoja wacheke. Wakainamisha vichwa, wakaandika. Kwenye jaribio la mwisho wa mwezi, kumi na mmoja walijibu kwamba piramidi zilikoma kwa uhaba wa saruji, na mmoja akaongeza, kwa bidii yake mwenyewe, kwamba bei ya nondo nayo ilikuwa imepanda.

Tangu siku hiyo nikawadharau rasmi. Kabla ya hapo nilikuwa nawadharau kwa kubahatisha tu.

Nilitoka Mbeya na shahada yangu ya ualimu ndani ya bahasha ya kaki. Ajira za serikali zilikuwa zimenipita mara tatu, nikakubali shule ya binafsi ukingoni mwa mtaa wa Izia, pale nyumba zinapokoma na mahindi yanaanza. Ndugu zangu waliniaga kama ninakwenda kuzikwa, kila mmoja na hadithi yake ya radi na ungo. Hakuna aliyeniroga. Laiti ningerogwa, ningekuwa na la kusimulia. Nilichokikuta ni upepo wa baridi, vumbi, na watu ambao salamu zao peke yake zilinimalizia nusu saa ya asubuhi. Nilijiona mtu mkubwa aliyeangukia mahali padogo, na sikujitaabisha kulificha hilo.

Shule ilikuwa ya mfanyabiashara wa mahindi, mwenye mashine ya kukoboa na kusaga, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa na kalamu nne mfukoni mwa shati na sikumwona akiandika hata kwa moja. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamemletea maboksi ya vitabu vizuri, vyenye picha za rangi, juu ya Misri, Babeli, Ugiriki na Roma. Sehemu kubwa ya mambo hayo haimo kwenye muhtasari wa serikali. Mkurugenzi hakujali. Aliamuru kidato cha kwanza wasome Dunia ya Kale vipindi viwili kila wiki, historia na jiografia kwa pamoja, na mwalimu wa kuyabeba yote hayo nikawa mimi.

Mwisho wa mwaka wafadhili walileta mtihani wao kwa shule tatu zenye vitabu hivyo. Aliyeongoza kati ya shule zote tatu alipata ada na kitanda cha bweni mpaka kidato cha nne. Zawadi ilikuwa moja tu.

Katika darasa langu mtu wa kuipata alikuwa mmoja, na sikumgundua mimi, alijigundua mwenyewe. Alikuwa binti wa wakulima wa huko mbele ya kijiji cha Pito, mdogo wa umbo, anayekaa dirishani. Alitoka kwao alfajiri kwa miguu. Mvua ikinyesha alifika na viatu mkononi, akavivaa mlangoni. Kwenye swali la saruji yeye aliandika: "Madam alisema saruji, lakini kitabu hakisemi, na saruji haikuwepo." Nilimpa vema, na nakumbuka niliudhika kidogo, maana alikuwa ameusahihisha utani wangu bila kuucheka.

Baba yake aliwahi kuja shuleni kunieleza mambo yalivyo. Mahindi yakishapita kimo cha mtu, alisema, njia ile si ya mtoto wa kike kupita gizani peke yake. Mwaka mmoja alikuwa amevumilia. Binti akipata kitanda cha bweni, sawa. Asipopata, atakwenda bondeni kwa shangazi yake aliyejifungua mapacha, akasaidie kulea, na shule basi. Hakuwa mkali wala hakuomba chochote, alinipa taarifa tu.

"Nunua tranka, mzee," nilimwambia. "Kitanda hicho ni chake."

Akanunua. Tranka la bati la bluu, kutoka Mazwi, akalileta kwa baiskeli na kuliacha stoo ya shule likisubiri matokeo.

Sasa nije kwenye ramani. Likizo ya Juni sikuwa na nauli wala hamu ya kwenda nyumbani, nikajichorea ramani ya dunia ya kale kwenye ukuta wa nje wa darasa la kidato cha kwanza. Bahari bluu, nchi kavu njano, miji vitone vyekundu. Pembeni niliweka ufunguo, kama tunavyofundisha: kitone chekundu, mji wa kale. Ilikuwa kazi safi, nasema hivyo mpaka leo. Mto Naili ulishuka vizuri hadi baharini, Babeli ilikaa mahali pake, na upande wa kusini Afrika ilikatikia juu ya dirisha, kwa sababu ukuta ulikatikia hapo.

Mkurugenzi alikuja kuikagua na funguo za gari zikining'inia kidoleni. Aliitazama muda mrefu.

"Madam, sisi tuko wapi hapa?"

"Hatupo, Mkurugenzi. Hii ni dunia ya kale."

"Dunia gani isiyo na sisi? Wakati huo hapa palikuwa shimo?"

Nikamweleza habari za ustaarabu wa kale, mabonde ya mito, maandishi. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mteja anayelalamika kwamba unga una chenga.

"Weka Sumbawanga," akasema. "Watoto wajue wamesimama wapi."

Nilicheka peke yangu mpaka chumbani kwangu. Huyu ndiye mwajiri wangu, nikawaza, mtu anayetaka mji wake uliozaliwa juzi usimame bega kwa bega na Babeli. Haya, apewe. Kesho yake niliendeleza Afrika upande wa chini wa dirisha, karibu na msingi, pale kuku wanapochakura. Kati ya Misri na Sumbawanga likawa limekaa darasa zima la kidato cha kwanza wakichungulia nje. Ningeweza kuweka mshale. Ningeweza kuweka msalaba wa bluu na kuandika "tulipo leo". Kopo la bluu lilikuwa miguuni pangu. Lakini nilichovya brashi kwenye nyekundu, makusudi, nikaweka kitone kikubwa kama kisahani cha chai, kikubwa kuliko cha Roma, na chini yake SUMBAWANGA kwa herufi zilezile za BABELI. Ulikuwa utani wangu mkubwa kuliko wote, umepakwa kwa rangi ya mafuta, na mwenye shule akiupita kila siku bila kujua kwamba anachekwa. Ilinipa furaha kubwa, na sisemi uongo.

Wiki ile ile shule ilipofunguliwa, yule binti alinifuata baada ya kipindi, kitabu mkononi.

"Madam, Sumbawanga kitabuni haipo."

"Kitabu kiliandikwa na watu ambao hawajafika hapa."

"Lakini ukutani ipo. Kwa nyekundu."

"Basi kama ukutani ipo, ipo," nikasema. Nilikuwa namfikiria Mkurugenzi na kalamu zake nne. Niliona raha kulisema.

Akalitafakari jibu langu, akashukuru, akaenda kuandika. Huyu ambaye saruji haikumpata, rangi ya mafuta ilimpata, kwa sababu safari hii alikuwa amefanya kila ninachowafundisha: alilinganisha, akasoma ufunguo wa ramani, akamuuliza mwalimu.

Mpaka Oktoba, kwenye marudio, darasa zima lilikuwa likitaja miji ya kale kwa pamoja, Memfisi, Babeli, Athene, Roma, Sumbawanga, kwa sauti ya wimbo wa mchakamchaka. Niliwasikia. Dakika moja ingetosha kuwasahihisha. Sikuwasahihisha. Anayeamini hilo na aamini, nilijiambia, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Mtihani ulikuwa na swali hili: taja miji mitano ya kale, na kwa kila mmoja eleza sababu ya kijiografia iliyoukuza. Alama kumi, mbili kwa kila mji.

Matokeo yalikuja na karatasi zenyewe ndani ya bahasha. Binti wa Pito alikuwa wa pili kati ya shule tatu. Alizidiwa kwa alama moja.

Niliisoma karatasi yake nimesimama, ofisini, wenzangu wakinywa chai. Miji yake minne ilikuwa imepata vema. Wa tano ulikuwa Sumbawanga. Wenzake walioitaja waliandika neno hilo tu, au waliongeza kwamba ina stendi. Yeye alikuwa ameeleza. Aliandika kwamba mji unahitaji maji, chakula na kitu cha kuuza, ambayo ni maneno yangu ya kipindi cha Februari. Maji, akasema, yanashuka kwenye vijito vya uwanda na hayakauki mapema. Chakula ni ulezi, ambao ukiwekwa ghalani unakaa miaka bila kuliwa na wadudu, hivyo watu wanaweza kukaa mahali pamoja hata mwaka wa njaa. Cha kuuza ni majembe, maana mashambani kwao kuna tanuru la udongo, refu kuliko mtu, ambalo wazee waliyeyushia chuma, na vipande vya masalia ya chuma hicho bado vinaokotwa wakati wa kulima. Katika karatasi nzima ndilo jibu pekee ambalo halikunakiliwa kutoka kwangu wala kitabuni. Aliyapata hayo kwa kutazama.

Mtahini, aliyekuwa ametumia Kiingereza ukurasa hadi ukurasa, hapo alikisahau. Aliikata aya yote kwa mstari mmoja mwekundu na kuandika pembeni: "Mzaha."

"Madam," binti aliniambia nilipomrudishia, "mimi sikufanya mzaha."

"Najua," nikasema. Nikamwambia aende darasani.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi kumwomba ruhusa ya kuwaandikia wafadhili. Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Nilitaka kumwonyesha, hatimaye, ujinga wake ulivyomgharimu mtoto wa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia uweke Sumbawanga," akasema. "Nilikuambia uiite mji wa kale?"

Nilitazama kalamu zake nne.

"Nilitaka mtoto akisimama pale aone, Misri kule, mimi hapa. Sikusoma, madam, lakini ramani ya mahali ambapo huwezi kujiona inakusaidia nini?" Akanisogezea karatasi nyeupe. "Andika barua. Andika ukweli, halafu weka jina lako, siyo langu."

Mtu niliyemcheka miezi mitano alikuwa ametaka kitu ambacho mwalimu yeyote wa jiografia anakifundisha wiki ya kwanza. Nilichukua karatasi. Niliianza barua mara nne. Kila nilipofika mahali pa kueleza kwa nini nilichovya brashi kwenye nyekundu, nilikuwa nalazimika kuandika kwamba niliona watu hawa hawastahili zaidi ya kuchekwa, na jina langu likae chini ya maneno hayo. Niliona aibu, na niliogopa kibarua changu. Barua haikwenda.

Ijumaa baba yake alikuja na baiskeli kuchukua tranka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Nimeambiwa mtoto alileta mzaha kwenye mtihani." Alikuwa ameshika kofia. "Nimemsema sana. Angeshindwa tu, nisingesema neno. Mtoto anaweza kushindwa. Lakini mzaha, mwalimu, wakati mimi nimeshanunua na tranka?"

Binti alikuwa kando yake, ameinamia chini. Mkurugenzi alikuwa amesimama kibarazani, anatusikia.

"Hakuleta mzaha, mzee," nikasema. "Alikosea kidogo tu."

"Alikosea nini?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Nilinyoosha mkono nikaonyesha ukuta, kama vile ukuta ndio uliotenda. Mzee akausogelea, akaifuata ramani kwa kidole kutoka juu, bahari, Misri, akalipita dirisha, akachuchumaa. Herufi zilikuwa zimeshika vumbi. Akazifuta kwa kiganja na kusoma polepole, silabi kwa silabi, hadi akamaliza. Alipogeuka uso wake ulikuwa umefunguka kabisa.

"Kumbe nasi tulikuwepo," akasema. Alikuwa ananiambia mimi.

Nilifungua mdomo.

"Hapana, baba," binti akasema. "Madam alikuwa anatania."

Alisema bila kinyongo, kwa sauti ileile ya kujibu swali darasani. Mzee alicheka kidogo kwa heshima yangu, akasema, "Aa, utani," akainuka, akajifuta kiganja kwenye suruali.

Mwaka mzima nilikuwa nimengoja mtu mmoja katika mji ule auelewe utani wangu. Alikuwa ameshika mkono mmoja wa tranka, na baba yake ameshika wa pili, wakaliinua na kuliweka kwenye keria ya baiskeli. Nilisogea niwasaidie kufunga mpira.

"Tumeshafunga, madam," akaniambia.