Pampu Isiyojua Kunyamaza

Tiki-tiki-tiki. Mlio mdogo, kama kuku anayedonoa bati. Mashine ya boti ilikuwa imeshazimika na bomba la petroli limepasuka, lakini pampu ya umeme, iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri, iliendelea kumwaga mafuta chini ya mbao. Bi Spana alikuwa na miaka ishirini na mbili, bado anajifunza ufundi. Moto uliposhika, wote waliruka majini. Aliyemfundisha kazi hakuibuka.

Sasa ana hamsini na moja, na mikono yake haitoki grisi hata kwa sabuni ya unga. Jumanne moja mdogo wake, mwenye boti ya kuvusha abiria, aliingia karakana na boksi jipya la pampu ya umeme kwapani.

"Dada, ling'oe lile zee la pampu kule botini. Napiga stata mpaka abiria wananiombea dua. Wenzangu wakigusa tu, imewaka."

"Hilo zee linaendeshwa na mashine yenyewe. Mashine ikilala, nalo linalala."

"Na hii ya umeme?"

"Hiyo haijui msiba. Nitakufungia, ila pamoja na swichi ya kuikata mashine ikizima. Swichi inafika Ijumaa."

"Ijumaa? Watu wanavuka leo alasiri."

"Wavuke na zee."

Mdogo wake akacheka. "Aliyeumwa na nyoka, dada..."

"Usiimalizie. Mimi sikuona ung'ongo. Nilimwona nyoka mwenyewe."

"Boti ni yangu."

"Na mikono ni yangu."

Bi Spana akashuka gatini, akaingia botini, akaketi juu ya kifuniko cha mashine, spana mapajani, kama mwali aliyekataa posa. Mdogo wake alimfuata akibembeleza, kisha akifoka, kisha akaapa kwamba mafundi wamejaa mji mzima. Abiria walishaanza kujipanga. Mmoja akauliza kama boti inaondoka au inataga. Watu wakaangua kicheko. Bi Spana hakutikisika.

Mbele ya foleni alisimama mama yao, kadi ya kliniki mkononi, akiwatazama wanawe wawili bila kuelewa wanagombea nini.

Bi Spana akainuka, akampa mdogo wake spana, akamsogelea sikioni.

"Ifunge mwenyewe," alisema, kwa sauti ambayo mama hakuisikia. "Halafu umkalishe mama juu yake."