Sabato ya Vijidudu

Kina mama waliponiomba niamue kama vijidudu vya kwenye mbegu vinaruhusiwa kufanya kazi siku ya Sabato, nilipaswa kuwaambia wakamuulize mchungaji. Lakini nilikuwa mzee wa kanisa, nimesoma hadi kidato cha nne, na nilipenda kuulizwa.

Shamba la minji, yaani njegere, lilikuwa la kikundi cha mke wangu, naye alikuwa mwenyekiti. Ndiye aliyewashawishi wenzake waache kutegemea mbolea ya dukani peke yake. Afisa wa kilimo aliwafundisha kuchanganya: samadi iliyooza vizuri, mbolea ya dukani kidogo, udongo juu yake, kisha mbegu zilizopakwa unga mweusi wenye vijidudu hai vya kuulisha mmea kwenye mizizi. Alisisitiza kwamba vijidudu hivyo havitaki jua wala joto, na mbegu zikishapakwa zipandwe siku hiyohiyo.

Walizipaka Ijumaa mchana. Mvua ikanyesha, kama kawaida ya huku kwetu. Ilipoacha, jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, na nusu ya mbegu bado zimo kwenye karai.

Mjadala ulifanyika palepale kwenye matope. Mmoja alisema amri inampumzisha hata punda. Mwingine akauliza vile vilivyokwisha kufukiwa vitaambiwaje viache. Jirani yetu Mkatoliki, mwanachama pia, akaushika ukingo wa karai.

"Nipeni nipande mimi. Vyangu vitapumzika keshokutwa."

Mke wangu alicheka, kisha akanitazama. "Mzee, mwache apande."

Nilikataa. Nilisema waajiri ni sisi, kwa hiyo dhambi ni yetu. Ili vijidudu vipumzike vizuri, nilizitia mbegu kwenye gunia nikalitundika juu ya meko, pale mama yangu alipokuwa akihifadhi mbegu za mahindi. Sabato nzima moto uliwaka chini yake, tukipasha chakula na kuwachemshia wageni chai. Nilikaa kanisani nikijiona mwajiri mwema.

Tukapanda Jumapili. Baada ya wiki chache mistari ya Ijumaa ilikuwa kijani, ya Jumapili manjano kama wagonjwa. Kina mama walipokwenda sokoni Marani, nikaimwagia mistari yangu mbolea ya dukani bila kupima. Minji ikarefuka hadi kifuani, majani tele, maganda machache ya kutafutwa. Jirani akaniuliza kama nimepanda mboga au ua wa boma.

"Au bado vimepumzika, mzee?"

Kikundi kilimvua mke wangu uenyekiti. Walisema kama ameshindwa kumzuia mumewe, hataweza kuwaongoza wao. Nyumbani hakunigombeza hata kidogo. Alikodi kipande cha shamba Nyakoe, karibu na dada yake, na huko ndiko anakolala siku za kazi. Ijumaa anarudi, tunakwenda kanisani pamoja, Jumapili anaondoka. Haniambii amepanda nini, nami sithubutu kuuliza.

Nilitarajia tuzeeke tukilima shamba moja. Sasa nalima peke yangu.