Springi Ngumu za Gari la Baba

Chekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa: ndiyo, mimi ndiye yule mwanamke aliyempeleka mdogo wake kufunga ndoa Mikumi pamoja na mbuzi. Aibu yake bado naisikia shingoni. Kuna watu Ulaya, kile kijiji cha njiani kwenda Mikumi, hawajui jina langu, lakini ukiwaambia "yule wa bibi harusi" wanakuelekeza hadi nyumbani kwetu Kilosa.

Chanzo ni gari. Marehemu baba alituachia gari dogo jeupe, la zamani, umri wake na wangu haupishani sana, na enzi za uhai wake alikuwa akimtania mdogo wangu Upendo kwamba siku ya harusi atampeleka kanisani mwenyewe kwa gari lile. Sasa Upendo alipochumbiwa na Elia wa Mikumi, na upande wa bwana harusi wakasema wataleta gari la kukodi, jipya, lina kiyoyozi na maua mpaka kwenye vioo, mimi nikanyanyuka kwenye kikao cha ukoo nikasema hapana, mtoto wa mzee atapanda gari la mzee, na mimi ndiye dereva (hakuna aliyeniuliza, ila mimi kukaa kikaoni bila kusema kitu siwezi, nawashwa).

Tabu ni kwamba gari lilikuwa linaumwa. Mwendo wa pole halina neno, ukikanyaga mafuta linakohoa na kuishiwa nguvu. Fundi Mashaka, ambaye ana gereji pale mjini, alifungua injini juu akaniambia springi za valvu zimechoka. Kazi ya springi ni kuirudisha valvu ijifunge haraka, na zile zimelegea, kwa hiyo valvu inachelewa na nguvu inapotea. Nikamwambia weka mpya. Dukani nilikokwenda naye wakasema za injini ile zinatoka Morogoro, zitafika na basi Jumatatu. Na ndoa ni Jumamosi!

Hapo mtu mwenye akili angempigia Elia simu, leteni gari lenu. Mimi nilikuwa nazunguka mle dukani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka muuzaji akanionea huruma akashusha springi nyingine, za injini kubwa. "Hizi ngumu, dada, hizi hazichoki." Tukaziweka mezani pamoja na zile kuukuu. Mpya ilikuwa ndefu kidogo, na waya wake mnene. Mashaka akaibana kwa viganja viwili, ikagoma.

"Kuingia zitaingia," akasema. "Wasiwasi wangu ni vile vijiti vinavyosukuma valvu. Ni vyembamba, sijui kama vitaziweza."

"Mashaka, zile zimekufa kwa sababu ya ulaini. Ngumu si ndiyo dawa?"

Akafikiri. "Pengine ni kweli, Dada Neema."

Basi nikajiona injinia! Akafunga, akawasha, gari likaitikia mara moja, isipokuwa lilikuwa na mlio wa ka-ka-ka kama cherehani. Akataka tulijaribu mpaka Chanzuru na kurudi, nikakataa, nywele zilikuwa zinanisubiri saluni.

Jumamosi ndugu wakatangulia na basi dogo la kukodi, nami nikabaki na Upendo na shangazi, ambaye kilemba chake kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena, mpaka tukachelewa. Njiani macho yangu yakawa hayatulii, saa, barabara, saa, barabara, nikaanza kukanyaga mafuta, na gari likavuta! Nikapiga kelele, "Mnaona? Mnamwona mzee?" nikaongeza sauti ya redio ili nisisikie ile cherehani, nikakanyaga zaidi. Tunaingia Ulaya, siku ya gulio, nikasikia *tang*, halafu *tang* nyingine, gari likatetemeka lote kama mtu mwenye homa, likazimika katikati ya nyanya, mitumba na baiskeli.

Watu wakajaa. Nikashuka na gauni langu la kitenge nikafungua boneti nikaanza kushikashika vitu nisivyovijua, nikapata oili kifuani, huku mama mmoja wa nyanya akipiga vigelegele kwa nguvu zake zote akidhani tumesimama makusudi tutunzwe.

Upendo akateremsha kioo. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza. "Dada," akasema, "Elia atadhani nimemkimbia."

Nilitamani ardhi inimeze. Ikatokea kenta ya mfugaji mmoja wa Tindiga, anaitwa Masanja, anapeleka mbuzi Mikumi. Akamwamkia shangazi kwa adabu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tusaidie, mwanangu anaolewa."

"Mbele nafasi ni ya wawili tu," akasema, akanitazama mimi, kisha akatazama mbuzi.

Nikapanda nyuma. Njia nzima nilikuwa nimeng'ang'ania bomba, nakemea beberu aliyeamua kutafuna mkanda wa gauni langu, kila tukiruka shimo wote wananiangukia, namaanisha mbuzi wote.

Kanisani kwaya ilikuwa imejipanga nje, wakwe wameshika simu wanarekodi. Upendo akashuka mbele, safi, anameremeta, watu wakapumua. Mimi nikajificha nyuma ya kenta nikiomba ibada ianze bila mimi. Ndipo kasisi akauliza kwa sauti, "Na atakayemkabidhi bibi harusi kwa niaba ya baba yake yuko wapi?"

Ni mimi. Nilijiteua mwenyewe, kwenye kikao kilekile.

Nikatokea na oili kifuani, mkanda nusu, na harufu ambayo siwezi kuieleza mbele ya chakula. Kwaya ikashindwa kuimba, besi wakacheka kwanza. Nikamwambia Upendo shangazi ashike nafasi yangu, lakini yeye Upendo akaubana mkono wangu kwapani mwake, juu ya lile gauni jeupe, akasema, "Wewe ndiye wa baba. Twende." Tukaenda, watu wanacheka, mimi nalia, na Elia mbele anacheka na kulia vyote.

Gari lilirudi Kilosa likivutwa na trekta, nami nimeshika usukani, Ulaya nzima inanipungia. Mashaka alipofungua akakuta vile vijiti vimepinda kama ndizi, akavipanga chini kimoja kimoja, tulikosea wote. Springi za Morogoro zikaja na basi, zile laini za injini yake, gari likapona.

Nimeapa. Dukani wakiniambia Jumatatu, mimi nitakaa nisubiri Jumatatu, hata kama anayeolewa Jumamosi ni mimi.