Nguo za Kuvulia Kaniki

Baba alipofariki aliacha nyumba moja, mke mmoja na watoto watatu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, binti wa miaka kumi na miwili. Nyumba ilikuwa Lipangalala, ya miti na udongo kama za majirani, ila juu yake baba aliezeka mabati, na katika Ifakara ya miaka ile ya hamsini watu walisimama njiani kuyatazama. Aliyapata kwa misimu sita ya mpunga, na katika misimu yote sita mama alikuwa naye ndani ya tope. Ninalisema hili mapema, mtu asije akaniambia kwamba nyumba ile ilikuwa ya ukoo.

Siku ya kuondoa matanga wazee walimweka baba mkubwa, kaka yake marehemu, awe msimamizi wa mirathi. Mzee mmoja alimwambia mbele ya watu wote, "Umekabidhiwa, hujapewa. Nyumba ni ya watoto. Ukitaka kuiuza, hata kama ni kwa deni la marehemu, uwaulize kwanza wao na mama yao." Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Alikuwa hodari wa kulia yule mtu. Tangu hapo simwamini mwanamume mwenye machozi ya karibu.

Mama alivaa kaniki, nguo nyeusi ya ujane, mwaka mzima. Kwetu mjane havui kaniki mwenyewe. Ndugu wa mume humletea nguo mpya, wifi yake humwogesha, kaniki hutupwa mtoni, na akishaivaa ile nguo mpya ndipo huhesabiwa kuwa bado ni mtu wa ukoo, yeye na wanawe. Nguo hiyo hairudishwi. Kuirudisha ni kuwaambia wakwe zako, mimi na wanangu si wenu tena, na ni kumtukana marehemu kaburini.

Mwaka ulitimia tukiwa shambani, upande wa Mofu. Msimu wa mpunga nusu ya mji ilihama. Watu walifunga nyumba zao wakaenda kuishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakifukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno. Mama alikuwa na kaniki yake tu, sisi tulikuwa na matambara ya shamba. Ndipo siku moja baba mkubwa akafika kwa mtumbwi pamoja na shangazi. Alimletea mama doti ya khanga, wadogo zangu akawaletea mashati, na mimi gauni la maua lenye vifungo mbele. Sikuwahi kununuliwa gauni dukani kabla ya siku hiyo.

"Shemeji, kwa nini tusingoje turudi?" mama alimwuliza. "Jambo hili hufanyiwa nyumbani kwa marehemu."

"Mwaka ukitimia haungoji, shemeji. Uingie mwaka wa pili na kaniki, watu watanisema mimi."

Mama akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili. Shangazi akampeleka mtoni kumwogesha, kaniki ikaenda na maji. Nami nilipokea gauni langu kwa mikono miwili, nikasema ahsante baba mkubwa, na nilisema kwa moyo wangu wote. Hadi leo nikikumbuka ahsante ile nasikia haya.

Tulipomaliza kuvuna tuliyaacha matambara kwenye dungu, maana hakuna anayependa kuingia mjini kama mwehu, tukarudi na magunia yetu tukiwa tumevaa zile nguo mpya. Mlangoni tulikuta kufuli geni. Kibarazani alikaa mwanamke tusiyemjua, anapeta mchele. Alitutazama kwa upole, akasema, "Karibuni wageni."

Mume wake alikuwa mwenye duka. Alikuwa ameinunua nyumba kwa msimamizi miezi miwili kabla, na alitutolea hati bila ukali wowote. Aliambiwa kwamba warithi wamekubali na wameamua kukaa shamba. "Mama, mimi nilinunua mchana, mbele ya watu," alisema. Na ni kweli. Sina ugomvi naye.

Mama akafungua shauri barazani. Siku ilipofika alifua khanga zake, akazikausha, akazikunja zikashika mistari, akatuvisha na sisi. Nani huenda mbele ya wazee akiwa mchafu? Hatukuwa na nguo nyingine, lakini hata tungekuwa nazo angechagua zile zile, kwa heshima. Tuliingia tunang'aa kama watu wa arusi.

Mzee wa baraza alimwuliza baba mkubwa kama aliwaomba warithi ruhusa kabla ya kuuza. Hakukataa, wala hakulia siku hiyo. Alitunyoshea mkono tulipokaa.

"Wazee, nyumba ndiyo hiyo mnaiona. Niliwapelekea sehemu yao ya bei, wakaipokea, wakaivaa. Dada yangu alikuwepo."

Shangazi aliinamisha macho. "Walipokea kwa mikono miwili," alisema.

"Nilipokea nguo za kuvulia kaniki," mama akajibu. "Habari ya nyumba sikuambiwa."

Mzee wa baraza hakuwa mtu mbaya. Alimwinamia mama akazungumza naye taratibu. "Mama, msimamizi hana ruhusa ya kuuza bila warithi kukubali. Hilo liko wazi. Lakini asiyekubali hurudisha alichopokea, mbele ya mashahidi. Mrudishie nguo zake, nami biashara hii naivunja leo."

Jirani yetu wa Lipangalala alikuwa amesimama mlangoni. Aliivua khanga yake ya juu, akamnyoshea mama. "Shika, mwenzangu. Jifunge hii, umtupie zake."

Nikamtazama baba mkubwa. Alikuwa ametulia kabisa, na hapo ndipo nilipomwelewa. Angetuletea sukari, tungemrudishia sukari. Angetuletea mbuzi, tungetafuta mbuzi. Katika vitu vyote vya Ifakara alichagua kile kimoja ambacho mama asingeweza kukirudisha.

Mama aliisukuma khanga ya jirani. "Siwezi," alisema. "Nikizivua hizi, wanangu watakuwa wa nani?"

Mimi niliweza. Gauni langu halikuwa la kuvulia kaniki, sikuwa mjane wa mtu, na nilikuwa mrithi. Nikafungua vifungo, nikalivua, nikaliweka miguuni pa baba mkubwa, nikabaki na chupi tu mbele ya wanaume wale. Nilikuwa na umri wa kuona aibu na niliiona, lakini sikujifunika. Nilitaka nyumba yetu.

Mzee wa baraza akageuza uso, akamwambia karani, "Andika. Mtoto huyu amerudisha. Sehemu yake..."

Hakumaliza. Mama aliliokota gauni, akanivika kwa nguvu, akanifunga kifungo kimoja kimoja. "Ni mtoto, wazee, hajui alitendalo," alisema. "Tumepokea. Tunashukuru kwa nguo." Kisha akanisukuma nipige magoti. "Mwombe radhi baba yako mkubwa."

Nikamwomba radhi. Karani akaandika kwamba warithi wote wameridhika.

Baba mkubwa nilimchukia kwa raha, maana alistahili. Mama ndiye aliyenipa taabu, nikampenda na kumkasirikia katika saa ile ile, kila siku. Alipanga chumba kimoja nyuma ya soko, sisi wanne humo. Ukoo haukututenga hata mara moja, nikiri haki yao. Kwenye kila arusi na kila msiba tuliitwa, tukakalishwa na wenzetu, tukapewa fungu letu la nyama, na mama alikula akiwa na uso wa mtu aliyeshinda shauri.

Alifariki miaka minne baadaye. Walimzika kando ya baba, kwenye makaburi ya ukoo, kama alivyotaka. Tuliporudi kutoka kuzika, mwenye nyumba tuliyopanga aliniita pembeni, akanipa pole, akaomba matanga yasizidi siku mbili, kwa sababu wapangaji wenzetu wanauhitaji ua.