Nilivyomsifu Farasi wa Bahati

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba yetu kule Muheto, bado bibi arusi wa miezi michache, nikamwona mume wangu Bahati akipandisha njia huku akivuta farasi.

Mwanangu, mtoto wa kaka yangu, jana ulikuja hapa kambini Kashuga ukaniambia kwamba ferme moja, shamba la ng'ombe kule juu, inataka uwachagulie farasi, kwa sababu wamesikia wewe ni wa ukoo wa mtu aliyewajua farasi. Mtu huyo alikuwa baba yangu. Kabla hujaenda, kaa unisikilize. Nilichonacho si kitu cha kukufurahisha.

Baba alichunga farasi wa tajiri mmoja karibu na Kibabi. Alinifundisha nikiwa msichana mdogo. Alinichuchumalisha mbele ya farasi na kunikataza kuinua macho, maana alisema shingo na mkia vimewadanganya watu wengi. Nianze na kwato: zinaelekea mbele, au zimegeukia nje? Kisha kile kipande kifupi kilicho juu ya ukwato. Kikilala kidogo, aliyepanda anakaa vizuri. Kikisimama kama mti wa uzio, kila hatua inampiga mgongoni. Mgongo mrefu si mbaya kwa farasi wa kukimbiza ng'ombe kwenye malisho tambarare, lakini wa kubeba mzigo milimani awe na mgongo mfupi, kiuno kipana na kifua kilichotanuka. Halafu mtu amtembeze, aende, arudi, nawe uangalie miguu tu.

“Farasi muzuri bure haiko,” alikuwa akisema. “Iko muzuri ya kazi gani? Njo vile unapashwa kuuliza.”

Farasi wa Bahati alikuwa mrefu, mwekundu, na shingo yake ilimfanya kila mtu asimame. Alikuwa amezoea kukimbia kwenye malisho ya ferme, na kwa kazi ile alifaa kabisa. Bahati alimtaka ateremshe maharagwe hadi barabarani, na awapeleke wagonjwa kwenye kituo cha afya, maana njia yetu ilikuwa mteremko mkali wa udongo. Nilitazama chini kama nilivyofundishwa. Kifua kilikuwa chembamba, miguu ya mbele imekaribiana, kwato zimegeukia nje. Na ndani ya mguu wa kushoto, juu tu ya ukwato, palikuwa na kovu la zamani lisilo na nywele. Nilielewa pale pale. Farasi huyu alikuwa akijigonga mwenyewe. Kwenye tambarare angejigonga akaendelea. Kwenye mteremko, amechoka, uzito umemlalia mbele, angejikwaa kwa mguu wake mwenyewe.

Kaka wawili wa Bahati walikuwa wamesimama hapo. Bahati alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake.

“Furaha, weye mutoto ya muntu ya farasi,” aliniambia, akiniita kwa jina langu. “Angalia. Iko namna gani?”

Nikasema, “Iko muzuri sana.”

Hivyo tu. Sikutaka kumwaibisha mbele ya ndugu zake. Sikutaka waseme mke mpya anajidai. Miezi ikapita, kiangazi kikawa kikavu, farasi akateremka na kupanda bila tatizo, nikaanza hata kufikiri kwamba baba alikuwa mkali kupita kiasi.

Mvua ziliporudi, Riziki, dada mdogo wa Bahati, akashikwa na tumbo. Riziki ndiye aliyenipokea katika ukoo ule. Alinisuka nywele, akanionyesha chemchemi, akanitetea kwa mama mkwe ugali wangu ulipokuwa mbichi. Alitapika siku mbili. Wanaume wanne wakaacha majembe yao wakaja na kipoyi, machela yetu ya miti ambayo watu huibeba mabegani. Bahati akawashukuru, akawaambia warudi shambani, tuna farasi, tutafika upesi zaidi.

Mimi nilikuwa nimeshika kitenge cha kumfungia Riziki juu ya farasi ili asianguke. Ningeweza kusema. Wale wanaume walikuwa bado uani. Nikafunga fundo kwa mikono yangu, nikalivuta kuhakikisha limekaza.

Niliwafuata kwa nyuma na mfuko wa nguo. Kwenye mteremko wa pili nikausikia ukwato ukigonga mfupa. Ukagonga tena. Bahati alikuwa mbele, ameshika kamba, anamwambia dada yake avumilie. Mara ya tatu farasi akaenda chini kwa magoti, akaviringika nje ya njia hadi bondeni. Riziki alikwenda naye. Fundo halikuachia.

Wale wanaume wanne waliitwa tena. Walimbeba kwa kipoyi, wakamrudisha nyumbani, kwa kuwa kituo cha afya hakikuwa na kazi naye tena.

Siku ya kumzika, Bahati alisimama mbele ya watu wote na mchungaji, akasema, “Miye njo nilivuta kamba kwa nguvu. Miye njo niliua dada yangu.” Watu wakamshika mabega wakimwambia ni matope, ni mapenzi ya Mungu. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Sikufungua mdomo.

Nilikwenda Kibabi nikamweleza baba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Uliona ile kovu?”

“Niliona, Papa.”

“Na ulimuambia nini?”

“Nilisema iko muzuri.”

Akainama. Nilingoja anigombeze. Angenigombeza, ningepona kidogo. Akasema tu, “Rudia kwako. Ambia bwana yako leo. Usimuache na kitu chenye haiko yake.”

Nikarudi. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta ameketi mlangoni, nikaona heri kesho. Kesho ikawa palizi, ikawa mimba, ikawa vita, tukakimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Bahati alizeeka akiikagua mikono yake. Alikufa kwa homa, hapa hapa kambini, na hadi siku ile aliamini ni yeye. Nilikuwa nimekaa kando yake.

Kwa hiyo ukifika huko, mwanangu, chuchumaa, angalia miguu kabla ya shingo, uliza ni kazi gani. Hayo utayaweza, yako katika damu yetu. Lakini ukishaona, sema. Sema wakati mwenye farasi anacheka, sema hata wakikuchukia, hata wakikufukuza kazi. Na ukishindwa kusema siku ya kwanza, sema siku ya pili, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako. Mimi sina tena wa kumwambia.

Sijui kama baraka ya mtu kama mimi inafika mbali, lakini ipokee. Mungu akutangulie katika kila mteremko, na kila utakayempandisha juu ya farasi, afike.