Miadi na Daktari Asiyekuwepo

Walimwita Dada Mapokezi, na jina hilo likamng'ang'ania hata baada ya mapokezi yenyewe kufa. Kwa miaka alikaa nyuma ya dirisha dogo la zahanati ya mtu binafsi, akiandika majina ya wagonjwa, akiwatuliza wenye haraka na kuwaamsha waliosinzia zamu yao ilipofika. Kisha mwenye zahanati akaliuza jengo kwa mfanyabiashara wa vigae na masinki, na Dada Mapokezi akarudi kwa mama yake na begi moja.

Hakukaa akajililia. Alijiunga na darasa la kutengeneza programu za kompyuta, mtu mzima peke yake kati ya vijana waliochapa kwa vidole vyote kumi huku macho yao yakiwa kwingine. Walimcheka chinichini. Akajitia hamnazo, akajifunza.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, mwalimu aliwataka kila mmoja atengeneze tovuti kamili ya mazoezi: kurasa anazoziona mtumiaji, seva inayopokea anachokiandika, na hifadhidata ya kukitunza. Wenzake wengi walitengeneza maduka ya viatu visivyokuwepo. Yeye alitengeneza zahanati isiyokuwepo, kwani hiyo ndiyo kazi aliyoijua ndani nje.

Aliifanyia kazi juu ya meza ya jikoni, akiisogeza kompyuta kila mama yake alipotaka kukatia vitunguu. Alimtafutia daktari picha ya mwanamume mwenye miwani na tabasamu la upole, akampa jina la kubuni. Palipohitaji anwani, vidole vyake viliandika vyenyewe ile ya zahanati ya zamani. Na mtu akishabonyeza kitufe cha mwisho, ujumbe ulimtokea: "Miadi yako imepokelewa. Daktari anakusubiri. Ondoa shaka." Maneno yale yale aliyokuwa akiwaambia watu pale dirishani.

Mwalimu alisema tovuti ijaribiwe na watu. Dada Mapokezi akamwomba kaka yake aifungue kwenye simu. Kaka mtu, ambaye siri mdomoni mwake hailali, akaitupa kwenye kundi la familia: "Dada amefungua zahanati ya mtandaoni! Chukueni miadi!"

"Kaka, si ungewaambia ni ya mazoezi?"

"Aah, wanajua bwana. Nani asiyejua?"

Na kweli, mizaha ikamiminika. Binamu mmoja aliandika kwamba anaumwa na mke wake. Mjomba aliomba dawa ya uvivu, apewe chupa mbili. Dada Mapokezi aliyasoma kwenye hifadhidata huku akicheka hadi machozi. Katikati ya mizaha hiyo akaona jina la mama yake mdogo. Kwenye sehemu ya tatizo ameandika: "Jicho la kulia. Naona vimulimuli, na kivuli kama kinashuka."

"Hata mama mdogo kanijaribia!" alimwambia mama yake.

Kilichomsumbua ni tarehe. Mtu akichagua Alhamisi, ukurasa ulionyesha Jumatano. Alihangaika na kasoro hiyo kutwa nzima, na alipoipata alipiga kofi la furaha mezani. Miadi ya mama mdogo sasa ilisomeka sawasawa: Alhamisi.

Mama mdogo alikuwa mshonaji, mjane, mtu wa kumeza maumivu yake kuliko kumsumbua mwenzake. Jirani alipomwona anatunga uzi huku amefumba jicho moja, alimhimiza aende hospitali.

"Nina miadi," alijibu, na fahari haikujificha. "Mwanangu amerudi kazini. Daktari ananisubiri."

Akasubiri na yeye. Kivuli kikazidi kushuka.

Alhamisi asubuhi simu ya Dada Mapokezi ikaita.

"Mwanangu, nimefika. Mbona hapa wanauza vigae?"

"Umefika wapi, mama mdogo?"

"Si hapa zahanati kwenu? Nimemuuliza mtu daktari yuko wapi, naye ananiuliza nataka sinki la aina gani."

Dada Mapokezi alisimama wima. "Mama mdogo... lile jicho ni kweli?"

"Jicho langu nilitie uongo wa nini?"

Alimkuta ameketi juu ya boksi la vigae, amevaa nguo yake ya kutokea, pochi magotini. Alimkimbiza hospitali. Daktari wa macho, wa kweli huyu, hakuwa na tabasamu. Utando wa ndani ya jicho umebanduka, alisema. Mngemleta kilipoanza kivuli, tungejaribu. Walijaribu hata hivyo. Jicho halikurudi.

Nyumbani, mama yake alimuuliza swali moja tu. "Uliyaona maneno yake, ukanyamaza?"

"Nilidhani ni mzaha, mama."

"Mdogo wangu lini umemwona ana mzaha?"

Kaka mtu alikuwepo, ameinamia simu. Ule ujumbe wake kundini alikuwa ameshaufuta. Hakuna aliyemuuliza.

Darasani alipewa alama za juu kuliko wote. "Hongera sana," mwalimu alisema mbele ya vijana. "Kazi yako inafanana na kweli kabisa. Mtu anaweza kudanganyika!" Wakampigia makofi. Jioni hiyo aliifuta tovuti nzima, kurasa, seva na hifadhidata, asibakishe hata nakala.

Alikuja kuitwa kwenye usaili wa kazi. Mwajiri aligeuza kompyuta upande wake. "Mwalimu wako anaisifu sana ile zahanati. Tufungulie tuione."

"Niliifuta."

"Una kingine?"

"Sina."

Wakamshukuru kwa kuja.

Siku hizo mama mdogo alikuwa amehamia kwao, maana sindano haikumsikiliza tena. Dada Mapokezi alimkuta uani, kitambaa mapajani, hakishonwi.

"Wamekuchukua?"

"Hawajanichukua, mama mdogo."

Alitikisa kichwa, asimpe pole wala lawama. "Basi nigeuzie kiti. Jua linanipiga upande huu ninaoonea."

Akamgeuzia.